Kah! Mara Moja, Kisha Kimya

Mwalimu alinipigia simu Jumatatu, saa moja asubuhi. Siku zote huanza kwa kuniuliza hali ya mama yangu na watoto. Siku hiyo alianza na gari. "Mwanangu, hili gari limenishinda. Wamelibusti, limekataa. Wamebadilisha stata, limekataa. Sasa wanataka ninunue na betri mpya."

Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamuuliza swali moja: "Ukizungusha ufunguo, unasikia nini?"

Akafikiri kidogo. "Linafanya kah! Mara moja. Halafu kimya."

"Na taa za dashibodi?"

"Zinawaka vizuri. Hata honi inalia."

Nilimwomba asinunue kitu chochote mpaka nifike. Kwa siku tatu watu wawili walikuwa wamefungua boneti ya gari lake, na mmoja wao alikwishakula pesa yake. Hakuna aliyemuuliza anasikia nini. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Gari la zamani likigoma hata baada ya kubustiwa, bado linaongea. Anayesikiliza na kupima hutumia elfu kadhaa, asiyesikiliza hununua vipuri mpaka bahati imwangukie.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Ngamiani, Tanga, chini ya mkungu, na kazi hii nina miaka 21. Mwalimu alinifundisha hesabu za darasa la sita. Gari lake ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, nyeupe, ya oto, injini ya 5A, ile yenye distributa. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake na analitunza kama mtoto. Alikuwa amepanda Lushoto kwenye msiba wa dada yake, akakaa siku 10. Aliporudi akakuta gari limekufa kabisa, mlango unafunguka na taa ya ndani haiwaki. Kijana wa jirani akaja na Noah yake na waya za kubustia. Taa zikarudi, zikang'aa. Stata ikafanya kah, ikanyamaza. Wakajaribu nusu saa nzima.

Niliposhika baiskeli kwenda kwake nilikwishajua nitaanzia wapi. Ili nawe ujue, inabidi nieleze kwanza kubusti ni kufanya nini hasa.

Betri ya gari ni vyumba sita vilivyounganishwa kimoja nyuma ya kingine. Kila chumba kina bamba za risasi zilizozama katika maji yenye asidi ya salfa, na kila kimoja kikijaa hutoa volti 2 na nukta kidogo. Ndiyo maana betri iliyojaa, ikipumzika, husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma chini ya 12 imekwisha, ingawa taa bado zinaweza kuwaka. Ukikuta betri imekaa kwenye chaji usiku kucha na bado inasoma 10.5, chumba kimoja kimekufa, na hapo hakuna wa kuifufua. Ubunifu huu ni wa zamani. Mfaransa Gaston Planté aliutengeneza mwaka 1859, kabla gari la petroli halijakuwapo. Stata ya umeme ilikuja baadaye sana, kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac ndiyo iliyoanza kuuzwa nayo mwaka 1912. Kabla ya hapo ilikuwa hendeli. Wazee wetu waliowahi kuwa matingo wa malori wanakumbuka jinsi hendeli ilivyoweza kurudi nyuma na kuvunja mkono.

Stata ya Corolla inapozungusha injini hunywa umeme mwingi sana, ampea 100 hadi 200 kwa sekunde chache. Taa moja ya mbele ya wati 55 hunywa kama ampea 4 na nusu tu. Shika tofauti hiyo, kwa sababu kesi ya Mwalimu yote imejificha humo. Unapobusti unaazima betri ya mwenzako ikusaidie kubeba ule mzigo mkubwa wa stata. Basi. Hujatibu kitu. Betri yako bado tupu, nyaya zako bado zilezile, stata yako bado ileile. Mimi huchukulia kubusti kama kuliuliza gari swali: nikikupa nguvu, utafanya nini? Jibu lake ndilo la kusikiliza.

Na majibu yapo ya aina chache. Gari likifanya kakakakaka, haraka kama mashine ya kushonea, stata inataka kuvuta lakini umeme unaofika ni kidogo. Hapo betri bado tupu, au waya za kubustia ni nyembamba, au vibano vimeshika kutu badala ya chuma. Zile waya zinazouzwa barabarani, nene kwa nje na ndani shaba kidogo kama uzi, zimewadanganya watu wengi. Acha gari la msaada lingurume dakika 5 hadi 10 huku zimeunganishwa, chezesha vibano vikwaruze chuma, kisha jaribu tena. Ukizigusa zikawa za moto, jua zimezidiwa.

Gari likiwa kimya kabisa, hata kah hakuna, wakati taa zinawaka, usifikirie stata kwanza. Amri ya kuiamsha haifiki. Kwenye gari la oto amri hiyo inatoka kwenye swichi ya ufunguo, inapita kwenye swichi ndogo iliyo ubavuni mwa gia boksi, ndipo ishuke kwenye stata. Swichi hiyo ndogo huruhusu gari liwashwe likiwa P au N tu, na ikichakaa P inaweza kukataa wakati N inakubali. Kanyaga breki, weka N, jaribu. Nimewahi kuitwa mpaka Raskazone kwa kazi hiyo tu, na nikaona aibu kupokea pesa zaidi ya nauli.

Halafu kuna jibu la Mwalimu: kah moja nzito, kisha kimya, na taa zinang'aa.

Mafundi wengi wakisikia hivyo husema stata imekufa, na siwalaumu moja kwa moja. Stata nyingi za Toyota za miaka ile zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, na kila unapowasha gari vinagongwa na kuungua kidogo. Baada ya miaka vinalika upande mmoja, umeme haupiti, unabaki kusikia mgongano tu. Ukirudia mara tano, ya sita gari linawaka, kwa sababu kile kidude kinachogonga kimegeuka kidogo na kugusa mahali penye shaba. Ugonjwa huo upo, nao hutibiwa kwa kubadilisha vile vipande viwili, wala si stata nzima. Lakini kah hiyohiyo hutokea pia stata ikiwa nzima, nyaya za kuilisha zikiwa zimeoza. Masikio hayawezi kutofautisha. Hapo ndipo kipimo kinapoingia, na hapo ndipo yule fundi wa kwanza alipokosea: alikwenda na spana bila kipimo.

Nilifika kwa Mwalimu na betri ya gereji iliyojaa, spana namba 10 na multimita yangu ya siku zote, ya bei ya chini, ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua na kuiweka kwenye droo ya gari. Nikatoa betri yake, nikaweka yangu. Ilisoma 12.6. Nikaweka ncha za kipimo kwenye nguzo za betri, nikamwambia Mwalimu azungushe ufunguo. Kah. Kipimo kikashuka hadi 11.9, kikasimama hapo.

Namba hiyo ndiyo iliyoniambia ukweli. Stata inapofanya kazi sawasawa, betri nzima hushuka kama volti mbili, na huwa sipendi kuona chini ya 9.6. Betri mbovu ingeporomoka mpaka 8, au 6, au chini zaidi. Hii ilishuka karibu robo tatu ya volti tu. Maana yake betri haikuwa imebebeshwa mzigo. Umeme ulikuwapo, tayari kutoka, ila njiani kulikuwa na kizuizi. Na kama kizuizi kiko njiani, betri mpya ingesaidia nini?

Njia ni mbili. Umeme hutoka nguzo ya chanya, hupita kwenye waya mnene hadi kwenye stata, kisha hurudi kupitia chuma cha injini na waya wa hasi hadi kwenye betri. Watu huikumbuka ile njia ya kwenda na kusahau ya kurudi. Nikaweka ncha moja kwenye nguzo ya hasi, kwenye risasi yenyewe, si kwenye teminali. Ncha ya pili nikaigandamiza kwenye chuma kitupu cha injini. Waya mzima, pale, stata inapofanya kazi, husoma volti 0.2, au 0.3 nikiuvumilia. Mwalimu akazungusha ufunguo.

Volti 8.1.

Nilimwita aje aone, nikamwomba ashike mwenyewe zile ncha mbili na mimi nikazungusha ufunguo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuhitaji maelezo marefu. Akasema, "Kwa hiyo katika 11.9, stata inapata 3.8 tu." Ndivyo hasa. Volti nane zilikuwa zinapotea katika waya mmoja wa hasi, na stata iliyobaki na chini ya volti nne isingeweza kuzungusha hata feni.

Nikachukua waya mmoja mweusi wa kubustia. Kibano kimoja nikakibana kwenye nguzo ya hasi ya betri, cha pili kwenye chuma cha injini, kuupita ule waya mbovu. Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka mara mbili, ikashika, ikatulia na mlio wake ule wa Corolla ambao kila mtu mjini anaujua. Mwalimu aliweka mkono kifuani.

Tulipoufungua ule waya tulikuta kilichotarajiwa. Juu, kwenye betri, ulionekana mzima. Chini, pale unapofungwa kwa bolti kwenye gia boksi, kulikuwa na unga wa kijani. Nilichana plastiki kwa kisu: kiasi cha shibiri moja ya shaba ilikuwa imegeuka unga, nyuzi chache tu zimebaki zimeshikana. Hapa kwetu upepo wa bahari hauna huruma na shaba. Chumvi huingia kwenye ncha ya waya, unyevu unaifuata, na kutu hupanda ndani kwa ndani chini ya plastiki bila mtu kuona. Gari liliweza kuwaka kila siku kwa nyuzi hizo chache maadam betri ilikuwa imejaa na injini ikazungushwa kila asubuhi. Lilipolala siku 10, betri ikaisha na kutu ikamaliza kazi yake.

Sasa rudi kwenye zile taa zilizong'aa. Kwa nini waya uliooza ulizilisha taa na honi na ukaikatalia stata? Kwanza, kwenye gari hili hasi ya betri ina tawi jingine jembamba linaloshikwa kwenye bodi, na taa nyingi hurudi kwa njia hiyo. Lakini hata zingetumia waya uleule mbovu, zingewaka. Mpira wa kumwagilia ukiwa umekunjwa bado unajaza kikombe. Jaribu kuoshea lori kwa mpira huohuo. Kizuizi kikiwa thumni ya om, ampea 4 na nusu za taa moja zinapoteza kama nusu volti, na jicho halioni. Ampea 70 zinapoteza zaidi ya volti nane. Kwa hiyo mtu akikwambia "betri nzima na nyaya nzima, si unaona taa zinawaka?", mjibu kwa heshima kwamba taa si shahidi wa stata.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila dereva alijue, hata akisahau mengine yote. Utaratibu wa kubusti ni huu: kibano chekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, chekundu cha pili kwenye chanya ya betri nzima, cheusi kwenye hasi ya betri nzima, na cheusi cha mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Wengi wanakiweka cha mwisho kwenye hasi ya betri iliyokufa kwa sababu ni rahisi na panashikika. Sababu ya usalama ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni, kibano cha mwisho hutoa cheche, na cheche juu ya haidrojeni hupasua betri na kukurushia asidi usoni. Hiyo peke yake inatosha. Lakini ipo faida ya pili ambayo sijawahi kusikia watu wakiisema. Ukikiweka kwenye injini, umeme wa msaada unarudi bila kupita kwenye waya wa hasi wa gari lako. Kijana wa jirani angefanya hivyo siku ile aliyokuja na Noah yake, gari la Mwalimu lingewaka palepale, na fundi yeyote mwenye akili angejua kosa liko kwenye waya wa hasi. Yeye alibana kwenye betri, nguvu ya Noah ikalazimika kupita kwenye ileile shibiri ya unga wa kijani. Wakati wa kutoa, anza na hicho cha kwenye injini urudi nyuma.

Ukifika hapa unaweza kuuliza: itakuwaje kama kila namba ya nyaya ni nzuri? Basi fanya upande wa chanya vivyo hivyo, nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata, isizidi nusu volti. Ikiwa pande zote mbili ni nzima, amri inafika, na stata bado inafanya kah tu, hapo sasa ishushe stata kwa moyo mweupe. Fungua solenoidi, tazama vile vipande vya shaba, tazama na kaboni kama zimekwisha.

Kuna jibu jingine ambalo hutesa watu kuliko hilo: baada ya kubusti injini inazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haishiki. Stata imefanya kazi yake, betri imefanya yake. Tatizo limehamia kwenye mafuta au moto wa plagi. Mtu asiyejua huendelea kuzungusha mpaka betri ya pili nayo inakufa. Zungusha sekunde 10 tu, pumzisha stata ipoe, tafakari.

Kabla ya kugusa chochote, washa swichi bila kuzungusha stata, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Lazima iwake. Isipowaka, kompyuta ya injini haina umeme: angalia fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la chini ya boneti, na rilei kuu iliyo jirani yake. Ikiwaka, swali linalofuata langu mimi huwa, "Gari lina alamu?" Magari mengi yaliyofika kutoka Japani yamefungiwa alamu hapahapa, na nyingi zimeunganishwa zikate pampu ya mafuta, moto wa plagi au stata. Betri ikifa kisha umeme ukarudi ghafla kwa kubusti, alamu nyingine huamka zikiwa zimejifunga, zikidhani gari limeibwa. Mzee mmoja wa Pongwe alikwishabadilisha plagi zote nne za Carina yake. Nilimwomba rimoti, betri ya rimoti imekufa miaka miwili. Tukanunua betri ya rimoti dukani, tukabonyeza, gari likawaka. Wengine wana swichi ya siri chini ya kiti iliyofungwa na mwenye gari wa kwanza, na hawajui kama wanayo mpaka mtoto aipige teke.

Kama si alamu, sikiliza pampu ya mafuta. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90 pampu haifanyi kazi ukiwasha swichi tu. Inasubiri injini ianze kuzunguka, kwa hiyo kutoisikia kabla ya hapo si ugonjwa. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa neno linaloanza na DIAGNOS. Fundi huunganisha humo tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, na pampu inanguruma nyuma chini ya kiti. Ikinguruma, hamia kwenye moto. Chomoa plagi moja, iguse kwenye chuma cha injini, zungusha. Moto wa bluu, sawa. Hakuna moto, fungua kofia ya distributa. Hapa pwani huwa nakuta unyevu na kutu ndani yake mara nyingi kuliko ninavyopenda. Na plagi zikitoka zimelowa petroli, injini imenywa kupita kiasi kwa kuzungushwa sana, ziache zikauke.

Waliogeuza waya, chanya kwenye hasi, wao wana ugonjwa wao. Hutokea usiku, kwa haraka, kwa tochi ya simu. Kunatokea cheche kubwa, kisha vitu vingi vinakufa kwa pamoja. Kwenye Toyota tazama fyuzi kubwa ya alteneta, ile iliyofungwa kwa bolti, ampea 100, ina kidirisha juu. Mara nyingi ndiyo iliyojitoa mhanga. Ukiibadilisha usifurahi mapema. Pima chaji, maana daiodi za alteneta nazo huungua katika mkasa huo.

Gari likiwaka na kuzima mara tu waya za kubustia zinapotolewa, itazame alteneta hiyohiyo. Injini ikinguruma, kwenye betri usome kati ya 13.8 na 14.5. Ukisoma 12.3 na inashuka, hakuna kinachochaji: mkanda umelegea, kaboni zimekwisha, au daiodi. Nakuomba sana, usikubali fundi achomoe teminali ya betri gari likiwa linaunguruma "apime kama alteneta inafanya kazi". Nimeona kompyuta za magari zikifa kwa jaribio hilo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla volti zinaruka juu sana. Kipimo cha kawaida kinatoa jibu lilelile bila kuvunja kitu.

Tulipomaliza waya nilitaka kujua kwa nini betri iliisha siku 10 tu. Nilizima kila kitu, nikafunga milango, nikaweka kipimo cha ampea katikati ya nguzo ya hasi na waya wake. Gari lililolala linapaswa kunywa chini ya 0.05. La Mwalimu lilikuwa linakunywa 0.09, alamu na redio. Mwalimu akachukua kalamu: 0.09 mara saa 24 ni 2.16 kwa siku, kwa siku 10 ni 21.6. Betri yake ndogo, NS40, ikiwa mpya hubeba ampea-saa 30 na kitu, na hii ilikuwa na miaka mitatu katika joto la Tanga. Joto huila betri upesi kuliko kazi. Nilihamisha waya wa redio uliokuwa umeungwa moja kwa moja kwenye betri, kipimo kikashuka hadi 0.03. Betri yenyewe tuliichaji usiku mzima kwa chaja, kwa sababu kuzunguka mjini nusu saa hakujazi betri iliyokauka, na asubuhi yake, baada ya kupumzika, ilisoma 12.5. Hatukununua nyingine.

Waya mpya wa hasi, shaba nene, ncha mbili zilizobanwa vizuri na kupakwa grisi, ulimgharimu chini ya robo ya alichotoa kwa ile stata. Nilikwangua pia chuma cha gia boksi mpaka kikang'aa kabla ya kukaza bolti.

Ilibaki ile stata yake ya zamani. Fundi wa kwanza alikuwa ameichukua kama chuma chakavu, na aliyomfungia ilikuwa ya mtumba inayolia kama inasaga mchanga. Mwalimu alikwenda mwenyewe kuidai, akaileta gereji kwangu imefungwa kwenye kanga. Niliiweka chini kwenye udongo, nikaikanyaga kwa mguu isiruke, nikaunganisha betri, nikagusa waya wa amri. Ilijirusha ikazunguka kwa mguso wa kwanza, safi, bila kukwaruza. Nikaifungua hata hivyo, nikabadilisha vile vipande viwili vya shaba kwa kuwa nilikuwa nimeishika mkononi, nikairudisha mahali pake. Mpaka naandika haya, ndiyo inayowasha gari la Mwalimu kila asubuhi.